Wasomi wa maigizo, rudini Malya mpitie na Geita!

Hivi msomaji wangu, umewahi kukaa kijiweni hapa Shinyanga mjini ukawaambia washikaji kwamba unataka kwenda Chuo Kikuu kusomea maigizo? Jaribu siku moja. Kwanza watacheka mpaka soda iwatoke puani. Halafu mmoja atauliza, "Kwani kuigiza nako kunafundishwa?" Mwingine atakwambia umechemsha, bora uchukue chepe uende Geita ukatafute mshiko kwenye maduara kama wanaume wenzako.

Basi leo nataka kuwajibu washikaji hao, maana wakati wa vyuo ndio huu, fomu zinajazwa, na kila nyumba yenye mtoto wa Form Six ina kikao. Kuigiza kunafundishwa, tena siku nyingi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, kimekuwa na masomo ya sanaa za maonyesho tangu 1967, wakati wengi wa baba zetu hawajavaa suruali ndefu. Idara imebadilishwa jina mara kadhaa, siku hizi inaitwa Idara ya Sanaa Bunifu, na ndani yake kuna watu wa jukwaani, wa filamu na televisheni, wa muziki na wale wa kuchora. Jirani zao wa mawasiliano wako kwenye Shule ya Uandishi wa Habari na Mawasiliano ya Umma, ambayo mizizi yake ni kile chuo cha uandishi wa habari kilichoanzishwa 1975 na kuingizwa Chuo Kikuu mwaka 2003.

Sisi wa Kanda ya Ziwa tunao wa kwetu pia. Pale Nyegezi, Mwanza, kuna Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, SAUT, kilichopanda hadhi ya chuo kikuu mwaka 1998 kutoka kwenye chuo kilichokuwapo tangu 1960. Uliza watangazaji na waandishi wa nchi hii wamesomea wapi, huchelewi kutajiwa Nyegezi. Na kwa yule ambaye Form Six hakufika, Bagamoyo kuna TaSUBa, ambayo ilianza 1981 kama Chuo cha Sanaa na kupewa jina hilo la sasa 2007. Pale wanatoa cheti na diploma, na mtu wa Form Four mlango wake ni wa cheti.

Sasa tuingie kwenye burudani yenyewe, maana najua nyie wasomaji wangu mnapenda kujua lini na wapi.

Kwenye vyuo vya namna hii, bwana, mtihani hauishii kwenye karatasi. Mwanafunzi wa jukwaani anapewa mchezo, anachagua wachezaji, anafanya mazoezi mpaka sauti inakauka, halafu siku ikifika anazimiwa taa za ukumbi na kuwashiwa za jukwaani. Hapo ndipo anaposahihishwa. Mwalimu amekaa nyuma na kidaftari chake, na mbele yake wamekaa watu ambao hawajui kama huo ni mtihani, wao wanataka kucheka au kulia, na usipowapa kimoja kati ya hivyo wanaanza kuzungumza habari za Simba na Yanga. Hebu fikiria mtihani wa hesabu ambao watu 200 wanaruhusiwa kukuzomea! Ndiyo maana maonyesho haya huwa mengi pale muhula unapoelekea ukingoni, mwanzoni mwa mwaka na tena katikati ya mwaka. Ukiwa Dar kipindi hicho, panda gari la Mlimani, pita kwenye vimbweta wanapokaa wanafunzi kujisomea, angalia mbao za matangazo. Usisubiri kutangaziwa redioni, maana wanafunzi hawana hela za matangazo.

Bagamoyo nako kuna tamasha lao la kila mwaka, lililoanza 1982, ambalo kwa kawaida huangukia mwishoni mwa mwaka, kuanzia Septemba au Oktoba hivi. Ngoma, sarakasi, michezo ya kuigiza, muziki, vyote vinapigwa ufukweni mwa bahari. Ukitoka disko za kwetu hizi za kukanyagana, pale utajisikia umeenda ng'ambo.

Lakini hapo ndipo ninapoanza kununa. Kutoka hapa Shinyanga mpaka Dar ni karibu kilomita 1,000. Ni kulala kwenye basi, na nauli yake ni mahindi ya mtu. Kwa hiyo kijana wa Kahama, wa Katoro au wa Ushirombo, hizi habari za kampasi anazisikia tu kama anavyosikia habari za Ulaya. Akiona mchezo wa kuigiza ni wa kwenye simu, na akisikia jina la mwigizaji ni la Bongo Movie.

Na kwenye Bongo Movie tuna haki ya kutamba, tusisahau. Marehemu Steven Kanumba alizaliwa hapa hapa Shinyanga, Januari 1984. Akaenda Dar, akaibukia Kaole, lile kundi lililokuwa linafanya watu wawahi nyumbani kuangalia runinga, akacheza na Wanigeria wakati wenzake bado wanaona Nigeria ni mwezini. Alipofariki Aprili 2012 akiwa na miaka 28 tu, Dar es Salaam ilisimama. Mimi nilikuwa bado mdogo, lakini nakumbuka kina mama wa mtaa wetu wa Ngokolo walivyolia kama wamefiwa na mtoto wa tumbo. Kwa hiyo anayesema watu wa huku hatuna kipaji cha jukwaani, huyo hajui anachokisema.

Tena ngoja niseme zaidi. Sisi Wasukuma tulikuwa na jukwaa kabla hata chuo kikuu cha kwanza hakijajengwa nchi hii.

Kama umezaliwa mjini na wazazi wako hawakusimulii, sikiliza. Tangu karne ya 19 Usukuma umegawanyika pande mbili za ngoma, Bagika na Bagalu. Wazee wanasema chanzo ni mafundi wawili wa dawa, Ngika na Gumha, ambao kila mmoja alijiona dawa yake ni kali kuliko ya mwenzake. Badala ya kupigana, wakachuana kwa ngoma. Mpaka leo ukishavunwa mpunga na pamba, kati ya Juni na Agosti, pande hizi mbili zinapanga uwanja mmoja, siku moja, saa moja. Hakuna jaji mwenye kalamu. Wanacheza wote kwa wakati mmoja, huku na huku, na watu wako katikati. Upande utakaovuta watu wengi ndio umeshinda, basi. Sasa wewe mwenye ngoma ukiona watu wanakukimbia wanaenda kwa mwenzako utafanya nini? Unabuni! Ndiyo maana Bayeye wanacheza na nyoka, Banunguli wana nungunungu wao, wengine wanakuja na masanamu, vinyago, vichekesho na vituko ambavyo mwaka jana havikuwepo. Bugobogobo wanarusha majembe hewani na kuyadaka bila kukosa mdundo. Wigashe wao wanaimba na kucheza wamekaa chini, na ndilo jina lenyewe, wigashe ni kukaa.

Mwambie profesa yeyote wa sanaa akupe somo la namna ya kumshika mtazamaji, sidhani kama atakuwa na darasa kali kuliko hilo.

Wale ambao hamjawahi kuona, mna nafasi ya karibu kila mwezi wa Juni. Nendeni Bujora, Kisesa, nje kidogo ya Mwanza kwa njia ya kwenda Musoma. Pale kuna makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na padri mmoja kutoka Kanada, Padri David Clement, ambaye watu walimpa jina la Fumbuka. Huyu mzee alifika miaka ya 1950, akaingiza ngoma za Kisukuma kanisani wakati wenzake bado wanaziona za kishetani. Sikukuu ya Bulabo, ile ya Ekaristi, ndiyo siku ya Bagika na Bagalu kumaliza ubishi. Daladala za Kisesa zinatoka Mwanza mjini siku nzima. Nenda na kofia, jua la kule halina huruma.

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya nishike kalamu wiki hii.

Ukipanda treni hapa Shinyanga kwenda Mwanza, kuna stesheni moja inaitwa Malya, wilaya ya Kwimba. Ni mji mdogo tu, siku hizi unajulikana kwa chuo cha michezo. Miaka ya 1982 na 1983 pale Malya walishuka watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam: Penina Muhando, ambaye wengi tunamjua pia kama Profesa Penina Mlama, pamoja na Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi. Hao si watu wadogo. Muhando alikuwa ameshaandika Hatia, iliyotoka 1972, ile tamthilia ya msichana aliyepata mimba na mambo yaliyofuata kijijini. Lihamba, kwa nyie wapenda filamu, ndiye yule mama aliyecheza kwenye Maangamizi, filamu ya 2001 iliyokuwa ya kwanza kupelekwa na Tanzania kwenye kinyang'anyiro cha Oscar.

Mtu wa kawaida angedhani wamekuja na mchezo wao kutoka Dar, wanapanda jukwaani, wanacheza, wanapigiwa makofi, wanarudi zao Mlimani kula posho. Sivyo. Walikuja mikono mitupu. Hawakuwa na kitabu cha mchezo wala jibu la kuwapa watu.

Utaratibu wao, ambao Mlama aliueleza baadaye kwenye kitabu chake cha 1991, ulikuwa hivi. Kwanza unakaa na watu. Unakunywa nao uji, unakwenda nao shambani, unauliza: hapa kwenu linalowasumbua ni lipi? Hutaji wewe, wanataja wao. Halafu mnalichambua pamoja, kwa nini liko, nani anafaidika, nani anaumia. Baada ya hapo ndipo mnatunga, na mnatunga kwa ngoma, nyimbo na maigizo ya hapo hapo kijijini, si kwa mtindo wa Shakespeare. Wachezaji ni wanakijiji wenyewe. Siku ya maonyesho watu wote wanaalikwa, wazazi, viongozi, walimu. Mchezo ukiisha hakuna kwenda nyumbani, ndiyo kwanza mjadala unaanza.

Na pale Malya, kati ya mambo waliyoyataja watu wenyewe, lilikuwapo hili: mimba za wasichana wadogo.

Hebu simama hapo kidogo. Ni 1982. Kwenye vijiji vyetu binti akipata mimba hilo ni jambo la chumbani, la baba kufoka na mama kupigwa, halafu ng'ombe wanahesabiwa na yamekwisha. Sasa wewe unaliweka uwanjani, mbele ya mwenyekiti wa kijiji, linachezwa kwa ngoma ile ile ambayo mzee anaipenda. Mzee anacheka, anatikisa kichwa kufuata mdundo, halafu ghafla anaona anayechezwa pale ni yeye! Akipinga, anapinga mbele ya watu. Akikaa kimya, watu wanamwangalia. Hotuba ya bwana afya haiwezi kufanya hivyo, maana hotuba ukiichoka unasinzia.

Wale wale kina mama hawakuishia hapo. Mwaka 1996 Lihamba na Mlama walianzisha mradi wa Tuseme kwenye shule za sekondari, ambapo wasichana wenyewe wanataja yanayowakwamisha masomo, wanayachambua na kuyatungia mchezo. Njia ni ile ile ya Malya ila imevaa sare ya shule. Mlama akaja kuwa Mkurugenzi Mtendaji wa FAWE, ile taasisi ya elimu ya wasichana yenye makao yake Nairobi, na Tuseme ikavuka mipaka kwenda nchi nyingine za Afrika. Kwa hiyo kitu kilichofanyiwa kazi hapa kwetu, kwenye vumbi la Kwimba, dunia inakijua. Sisi wenyewe tukiulizwa Malya, tunasema "si pale treni inaposimama?"

Sasa mtu atasema, wewe mwandishi unatuletea habari za 1982, mambo yamebadilika. Yamebadilika wapi? Takwimu za mwaka 2010 zilionyesha kwamba kwa wanawake wenye umri wa miaka 20 hadi 24, mkoa wa Shinyanga ndio ulioongoza Tanzania kwa walioolewa kabla ya miaka 18. Ilikuwa asilimia 59, wakati wastani wa nchi ni 37. Na msije mkasema hiyo ni Shinyanga peke yake, maana mkoa ulikuwa haujakatwa. Bukombe ilikuwa ndani, na ni mwaka 2012 ndipo Geita na Simiyu zilipozaliwa kama mikoa. Kwa hiyo ndugu zangu wa Ushirombo, hiyo asilimia ni yetu sote.

Sheria nayo ilikuwa na mlango wa nyuma. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu binti wa miaka 15 kuolewa mzazi akikubali. Rebeca Gyumi akaipeleka mahakamani, na mwaka 2016 Mahakama Kuu ikasema vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba. Serikali ikakata rufaa, na 2019 Mahakama ya Rufani ikamwunga mkono Gyumi. Upande wa shule, ilikuwa ukipata mimba ndiyo umeaga darasa, mpaka Novemba 2021 serikali iliporuhusu mabinti waliojifungua warudi. Sawa, safi sana. Ila nenda kijiji chochote cha Msalala au Mbogwe ukaulize wangapi wanajua hayo. Waraka unaandikwa Dodoma, ng'ombe wanahesabiwa Bulyanhulu.

Na huku kwetu kuna dhahabu, na dhahabu ina mambo yake. Mgodi mkubwa wa Geita ulifunguliwa rasmi mwaka 2000, Bulyanhulu ukafuata 2001, na pembeni yake wako wachimbaji wadogo, maelfu kwa maelfu, wanaohama kila kukisikika rashi. Leo Nyarugusu, kesho sehemu ambayo jina lake bado halijawekwa kwenye ramani. Mahema yanaota kama uyoga, baa zinafunguliwa kabla ya choo, na binti wa darasa la sita anaanza kuuza maandazi karibu na karasha. Mimi nimepita huko, nimeona. Mwenye pesa ya ghafla na mtoto mwenye njaa wakikutana, mwisho wake unaujua, sina haja ya kuueleza kwenye gazeti linalosomwa na watoto pia.

Halafu kuna zebaki. Kwenye mialo watu wanaishika kwa mikono mitupu, inakamata dhahabu, halafu wanaichoma, na ule moshi wake ndio sumu yenyewe. Inakwenda kwenye mishipa ya fahamu, mikono inaanza kutetemeka. Umoja wa Mataifa kupitia shirika la UNIDO ulifanya mradi wa zebaki katika nchi sita duniani kati ya 2002 na 2007, na kwa Tanzania walikwenda pale Rwamagasa, Geita. Wataalamu walipima na kufundisha. Lakini mpaka leo utakuta jamaa anachoma kwenye kikaango kile kile ambacho jioni mkewe atakaangia dagaa. Kikaango hicho, jamani, si ni mchezo wa kuigiza tayari? Mpe mwanafunzi mmoja mwenye akili kikaango, dagaa na mama mkali, uone kama uwanja mzima hautakaa kimya.

Ndiyo maana nasema wasomi wa maigizo warudi. Wanafunzi wa uandishi tunawaona, kila mwaka wanakuja kufanya mazoezi kwenye redio zetu za Shinyanga, Kahama na Geita, wanabeba vinasa sauti, wanatuuliza bei ya nyanya. Wa jukwaani mbona hatuwaoni? Geita kila mwaka, Septemba au Oktoba, kuna maonyesho ya teknolojia ya madini pale viwanja vya Bombambili. Mashine zinaletwa, mabenki yanaletwa, wanamuziki wanaletwa. Tatizo la kivuko nalo limekwisha, maana lile daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025. Kutoka Nyegezi kwenda Geita siku hizi ni safari ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo.

Nisidanganye kwamba ni kazi ya kuchezea. Mchezo ukiwa wa kweli unauma watu. Wenzetu wa Kenya walionja. Mwaka 1977 pale Kamiriithu, Limuru, Ngugi wa Thiong'o, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwenzake Ngugi wa Mirii waliandaa mchezo na wakulima na vibarua, kwa lugha yao ya Kikuyu. Watu walifurika. Baada ya wiki chache leseni ikafutwa, na siku ya mwisho ya mwaka ule Ngugi akakamatwa na kuwekwa kizuizini bila kesi, akakaa humo karibu mwaka mzima. Huko Uganda, Makerere walikuwa wameanza mapema, tangu 1965 wanafunzi wao walizunguka nchi na michezo kwenye gari, bure, bila kiingilio. Huo nao ni mfano mzuri, ila Makerere walipeleka mchezo uliokwisha kupikwa. Malya walipika pamoja. Kwangu mimi wa Malya ndio wenyewe.

Wasukuma nao tuna historia ya waimbaji waliosema lisilosemwa. Elias Songoyi, msomi wa Kisukuma aliyefundisha Mlimani, aliandika tasnifu yake ya 1988 juu ya waimbaji wawili, Kalikali wa huku Usukumani na Mwinamila wa kule Unyamwezini, na jinsi kila mmoja alivyokaa na serikali. Kumbe mtu unaweza kupata digrii kwa kusoma nyimbo ambazo babu anazipiga bure chini ya mwembe!

Hilo la digrii ndilo lililoleta kasheshe nyumbani kwetu. Binamu yangu wa kike amemaliza Form Six, matokeo yake ni mazuri, na anataka sanaa za maonyesho. Mjomba wangu, baba yake, alikuwa na duara Nyarugusu miaka mingi, karo yote imetoka shimoni. Jumapili tuliitwa kikao.

"Ng'wanone," mjomba akamwambia, "mimi nimeingia chini ya ardhi ili wewe usome. Sasa unaniambia unakwenda kucheza?"

Binti hakupandisha sauti. Akasema, "Baba, unamkumbuka yule mwenzangu tuliyeanza naye Form One, wa nyumba ya pili?"

Mjomba akanyamaza. Sote tunamkumbuka. Aliolewa akiwa Form Two, na aliyemwoa alikuwa mshirika wa mjomba kwenye duara. Mjomba alikula pilau la ile harusi, na mimi pia nilikula.

"Nataka kumcheza huyo," binti akasema. "Hapa hapa, uwanjani, na nyie mmekaa mbele."

Shangazi, yaani mke wa mjomba, akainuka kwenda kuangalia chai ambayo ilikuwa imeshaiva zamani. Mjomba akakaa anazungusha kofia yake mkononi. Mimi nikaona nipunguze joto, nikamtajia Kanumba, nikamtajia Profesa Mlama aliyefika mpaka uongozi wa juu wa Chuo Kikuu. Hakunisikiliza kabisa. Alikuwa anamwangalia mwanawe. Mwishowe akauliza, "Na mimi katika huo mchezo nitachezwa na nani?"

Binti akamjibu, "Kwa utaratibu wao, baba, unajicheza mwenyewe."

Kicheko kilichotoka pale, sijakisikia nyumba ile tangu bibi afariki. Mjomba hajasema ndiyo. Ila juzi alinipigia simu, akaniuliza ada ya chuo inalipwa kwa awamu ngapi na kama mkopo wa Bodi unahusu watu wa maigizo. Nikamwambia aombe kama wanavyoomba wengine wote, na afuatilie mapema, vyeti vya kuzaliwa vihakikiwe kabisa, maana hapo ndipo wengi wanapokwama.

Kwa nyie mnaojaza fomu: digrii ya Mlimani inahitaji ufaulu wa Form Six, ile mnaita principal mbili, au diploma inayokubalika. Tazameni mwongozo wa TCU wa mwaka husika, si wa mwaka jana mliopewa na kaka. Wa Form Four, Bagamoyo. Na nyie wa vyuoni, kama kuna mhadhiri amelishika gazeti hili kwenye basi, Malya bado ipo, treni bado inasimama. Wa Geita wao wanapatikana kwenye mialo kuanzia asubuhi, na jioni wanakuwa hawana kazi mpaka saa mbili usiku. Kiwanja kipo, ngoma tunazo. Mje na daftari tupu tu.